Namna ya Kuandaa na Kuendesha Warsha Jumuishi ya Sanaa za Maonyesho kwa Vijana

"Simameni, tufanye duara." Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yangu ya kufungulia kila warsha ya maigizo, na haikuwahi kunipitikia kwamba ina kasoro, hadi siku moja msichana aliyekuja na kiti chake cha magurudumu aliponijibu kwa upole: "Duara nitafanya, mwalimu, ila kusimama nawaachieni nyinyi." Wenzake walicheka, nami nikacheka nao, lakini jioni ile nilifungua daftari langu la mazoezi nikakuta kwamba karibu kila zoezi lilianza kwa kitenzi kinachodai miguu, macho au masikio: tembeeni, angalianeni, sikilizeni mpigo. Ukumbi tulioutumia haukuwa na ngazi hata moja, na tangazo letu lilisema kwamba vijana wote wanakaribishwa. Kilichokuwa na ngazi ni lugha yangu.

Mwongozo huu unamlenga mwezeshaji anayetaka kuendesha warsha ya maigizo, dansi au muziki ambamo vijana wenye ulemavu na wasio na ulemavu wanafanya kazi pamoja. Nitaeleza mambo ya ukumbi na mawasiliano, kwa sababu bila hayo hakuna warsha, lakini sehemu kubwa itahusu mazoezi yenyewe, kwani hapo ndipo wengi tunapojikwaa tukidhani kwamba kazi ya ujumuishi imekwisha mlangoni. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, kinazitaka nchi wanachama ziwawezeshe watu wenye ulemavu kukuza na kutumia uwezo wao wa ubunifu na wa kisanaa, si kwa manufaa yao tu, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya mwisho mara nyingi husahaulika. Kijana haji warshani kuhurumiwa wala kutibiwa. Anakuja na kitu ambacho igizo lisingekuwa nacho kama yeye asingekuwapo.

Kabla ya siku ya kwanza

Anza na fomu ya kujiandikisha. Swali la "Una ulemavu gani?" humpa mwezeshaji jina la hali fulani na kumwacha gizani kuhusu mengine yote, maana vijana wawili wenye usonji wanaweza kuhitaji mambo yanayopingana kabisa. Uliza badala yake: "Ni mambo gani yatakuwezesha kushiriki kwa raha?" Kisha taja mifano michache ili anayejaza aelewe kwamba unamaanisha unachosema: mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa au ya nukta nundu, mahali pa kupumzika, msaidizi wa kuandamana naye, ratiba ya siku iliyotumwa mapema. Ongeza swali la dharura kuhusu kifafa, pumu, mzio na dawa, na ueleze ni nani atakayeyasoma majibu hayo, kwa kuwa taarifa za afya ya kijana si mali ya kikosi kizima. Na pale inapowezekana, zungumza na kijana mwenyewe. Wazazi hujibu kwa nia njema, ila mara nyingi hujibu kwa woga, na nimewahi kuambiwa na mama kwamba mwanawe "hapendi kelele" ilhali kijana mwenyewe alikuwa na hamu ya kupiga ngoma kubwa kuliko zote.

Tangazo lako nalo liseme ukweli. Ni afadhali kuandika kwamba mlango wa mbele una ngazi mbili na kwamba mlango wa upande hauna, kuliko kuandika "ukumbi unafikika" na kumwacha mtu agundue mwenyewe akiwa ameshafika. Gharama za wakalimani, usafiri na wasaidizi ziingie katika bajeti tangu siku inapoandikwa. Zikisubiri hadi mwisho huwa za kwanza kukatwa. Tafuta pia msanii mwenye ulemavu awe mwezeshaji mwenza, umlipe kama unavyomlipa mwezeshaji mwingine yeyote, wala usimwalike kwa saa moja tu aje "kutoa ushuhuda". Kwa idadi, naona vijana 12 hadi 16 wakiwa na wawezeshaji wawili na wasaidizi kadhaa ni kikundi ambacho bado unaweza kumwona kila mmoja.

Ukumbi ukaguliwe kwa mwili

Usiukague ukumbi kwa simu. Nenda mwenyewe, uanzie pale gari linaposhusha watu, upite njia yote hadi ndani, chooni na jukwaani. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili, maana yake kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa urefu wa mita 3.6; ubao mfupi uliotupwa juu ya ngazi si njia, ni mtego. Kiti cha magurudumu huhitaji nafasi ya takribani sentimita 150 kwa 150 ili kigeuke. Kumbi nyingi zina njia nzuri ya kuwafikisha watazamaji kwenye viti vyao, huku jukwaa lenyewe likifikiwa kwa ngazi tano za nyuma ya pazia, kana kwamba aliyejenga aliamini kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kutazama lakini hawezi kutazamwa. Kama hali ni hiyo, shusha onyesho lote lichezwe sakafuni.

Sauti na mwanga husahaulika zaidi. Chumba chenye kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi huwachosha wanaotumia vifaa vya kusaidia usikivu na huwaumiza baadhi ya vijana wenye usonji. Mapazia mazito na mikeka hupunguza tatizo. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, kwa maana uso wako utakuwa kivuli na anayesoma midomo hataona kitu. Taa za kumetameta zisivuke mimweko mitatu kwa sekunde, na mimi kwa kweli nimeziacha kabisa, kwani sijaona igizo la vijana lililookolewa na taa hizo. Tenga chumba kidogo cha utulivu chenye mwanga hafifu, ambacho kijana anaweza kukiingia bila kuomba ruhusa na kutoka bila kuulizwa maswali.

Mawasiliano

Ukiwa na washiriki viziwi, tafuta wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa kuwa ukalimani ni kazi ya akili inayochosha na makosa huongezeka kadiri uchovu unavyoingia. Wape nyimbo na mistari ya igizo siku kadhaa kabla. Zungumza ukimwangalia kijana, si mkalimani. Jambo linalowaponyoka hata wawezeshaji wazoefu ni mpangilio wa maneno na vitendo: sisi tuna mazoea ya kuonyesha hatua ya dansi huku tukiieleza, ilhali kijana kiziwi ana macho mawili tu na hawezi kumtazama mkalimani na miguu yako kwa wakati mmoja. Eleza kwanza, nyamaza, subiri ukalimani umalizike, ndipo uonyeshe. Mwanzoni utahisi kwamba kazi inakwenda polepole. Baada ya siku mbili utagundua kwamba kikundi kizima kinaelewa vizuri zaidi na kwamba umeacha kurudia maelekezo.

Kwa kijana asiyeona, maneno "hapa", "kule" na "hivi" hayana maana yoyote. Sema: "Mkono wa kulia unyooke mbele kwa kimo cha bega, kiganja kikitazama juu." Kila anayezungumza katika duara ajitaje jina kwanza. Mpitishe kijana huyo katika ukumbi kabla wenzake hawajafika, aguse kuta, milango na ukingo wa jukwaa, na baada ya hapo usihamishe kiti bila kumwarifu. Ukitandaza kamba nyembamba sakafuni na kuifunika kwa utepe wa gundi, utakuwa umechora mstari unaosomeka kwa unyayo, na waigizaji wanaoona nao watautumia taa zinapozimwa.

Wenye ulemavu wa akili hufaidika na maelekezo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine, pamoja na ratiba ya picha ubaoni ambayo mnaifuta hatua kwa hatua. Maelekezo yawe mepesi, lakini yasiwe ya kitoto. Kijana wa miaka kumi na minane hapaswi kusemeshwa kama mtoto wa chekechea. Na anayezungumza kwa shida, au kwa ubao wa alama, asubiriwe amalize sentensi yake. Ukimalizia wewe, sentensi hiyo inakuwa yako.

Kuyaandika upya mazoezi

Kanuni ninayoitumia ni kujiuliza zoezi linatafuta nini kabla ya kujiuliza linafanywaje. Zoezi la kawaida la kutembea huku na huko chumbani, kwa mfano, halikubuniwa ili kufunza kutembea. Linafunza kuitambua nafasi, kubadilisha kasi na kuhisi uwepo wa wengine. Kwa hiyo amri yake inaweza kuwa: "Safirini ndani ya chumba kwa mwendo wenu. Sasa uongezeni mara mbili. Sasa tulieni pamoja bila kuambizana." Mmoja atatembea, mwingine atasukuma magurudumu, wa tatu atatambaa, na kijana ambaye husogeza kichwa tu atasafiri kwa macho kutoka pembe moja hadi nyingine. Hakuna aliyepewa zoezi mbadala kando. Neno "mbadala" nimelipiga marufuku katika warsha zangu, kwa sababu kijana anayepewa kazi mbadala mara tatu kwa siku huelewa upesi kwamba kuna kazi halisi na kwamba si yake.

Chukua zoezi la kioo, ambalo watu wawili hutazamana na mmoja kuiga mienendo ya mwenzake. Tuliwahi kuwapanga pamoja kijana mmoja aliyekuwa na mazoezi ya miaka mingi ya dansi na mwenzake mwenye mtindio wa ubongo, ambaye aliweza kuongoza kichwa, uso na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mchezaji dansi alianza kwa kuiga: naye akachezesha vidole viwili, na zoezi likafa papo hapo, likawa mzaha usiopendeza. Nikawaambia waache kuigana na badala yake watafsiri. Kijana mwenye mtindio wa ubongo alikunja kidole kimoja polepole sana. Mwenzake akatafuta ni sehemu gani ya mwili wake inayoweza kukunjika kwa uzito uleule, akashusha uti wa mgongo pingili baada ya pingili hadi paji la uso likakaribia magoti. Kidole kikanyooka ghafla, mgongo ukanyooka ghafla. Walipobadilishana uongozi, yule mchezaji aliruka, na jibu la mwenzake lilikuwa kufumbua macho. Chumba kizima kilinyamaza. Hiyo ndiyo tofauti ya kuiga na kutafsiri, na tangu siku hiyo kioo nakifundisha hivyo kwa vikundi vyote, hata visivyo na mshiriki mwenye ulemavu. Kwa jozi yenye kijana asiyeona, tafsiri hupitia viganja vilivyogusana au sauti ya pumzi na miguu.

Muziki nao hauhitaji masikio peke yake. Evelyn Glennie, mpigaji ngoma na ala za kugonga kutoka Uskoti, alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa mtoto, na hupiga akiwa pekupeku ili mitetemo impitie miguuni. Sakafu au jukwaa la mbao hupitisha mtetemo wa ngoma vizuri, zege halipitishi. Ukiwa na sakafu ya zege, panga mbao chini ya ngoma na chini ya miguu ya vijana, au wape puto lililojaa hewa walishike kifuani. Mpigo uonyeshwe pia kwa mkono wa kiongozi, uonekane.

Katika dansi na tamthilia, si lazima ubuni kila kitu kuanzia sifuri, kwani wapo waliotangulia. Kikundi cha Candoco kilichoanzishwa London mwaka 1991 kimewaunganisha wachezaji dansi wenye ulemavu na wasio na ulemavu katika kazi za hali ya juu, na mwanzilishi mwenza wake, Celeste Dandeker, alikuwa mchezaji dansi aliyeumia uti wa mgongo jukwaani. Kikundi cha tamthilia cha Graeae, nacho cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimejulikana kwa kuifanya lugha ya alama na maelezo ya sauti kuwa sehemu ya igizo lenyewe badala ya huduma iliyowekwa pembeni. Wazo hilo linawafaa sana vijana. Mkalimani aliyesimama kwenye kona hugawa macho ya mtazamaji kiziwi kati ya kona na jukwaa; lakini mhusika anayezungumza kwa alama, na mwingine anayesimulia yanayotendeka kana kwamba ni jirani mmbea, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya hadithi, na humfurahisha hata asiyehitaji.

Katika kugawa nafasi za uigizaji, angalia usirudi kwenye ombaomba, mgonjwa na yule anayeponywa katika onyesho la mwisho. Kijana asiyeona anaweza kuwa hakimu, mwizi au mpenzi aliyesalitiwa. Igizo si lazima lizungumzie ulemavu, ila kama vijana wenyewe wamelichagua jambo hilo, na wakilichagua waachie wao waamue ni nani wa kuchekwa. Tena, wakosoe. Mwezeshaji anayempigia makofi kijana kwa kila analofanya amekwisha kuamua kwamba hatarajii mengi kutoka kwake. Nikiona mstari umesemwa bila nguvu, nasema kwamba umesemwa bila nguvu, na tunaurudia.

Kugusana, wasaidizi na uchovu

Sanaa za maonyesho zina kugusana kwingi, kwa hiyo wekeni utaratibu siku ya kwanza: kila mtu huulizwa kabla ya kuguswa, na aliyekubali asubuhi anaweza kukataa mchana. Wapo pia ambao imani au malezi yao hayaruhusu kugusana na kila mtu, na utaratibu huu unawahifadhi bila kuwalazimisha kujieleza. Kiti cha magurudumu kihesabiwe kuwa sehemu ya mwili wa mwenye nacho, kisisukumwe wala kutundikiwa mikoba, na fimbo nyeupe isiondolewe mkononi mwa mwenyewe. Kubalianeni ishara ya kusimamisha zoezi ambayo inaonekana, inasikika na inaguswa, kama vile kugonga sakafu mara tatu mkono ukiwa juu. Kijana asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja mahali pa siri, na huduma za chooni zifanywe na mtu ambaye kijana na familia yake wamekubaliana naye.

Wasaidizi na wazazi waelezwe kazi yao kabla, kwa sababu wakiachwa bila maelezo watafanya kila kitu. Nimemwona msaidizi akiuinua mkono wa kijana kwa wakati uleule ambao wengine wanainua yao, na mkono ule ukawa unamwigiza msaidizi. Kazi yake ni kuwezesha uamuzi wa kijana utekelezwe, hata kama uamuzi wenyewe ni kutofanya lolote. Wazazi, kwa makubaliano, wasubiri nje. Vijana wengi hubadilika mlango unapofungwa. Angalia pia vijana wasio na ulemavu wanaojigeuza wauguzi tangu dakika ya kwanza. Wape kazi ambayo wao ndio watakaohitaji kusaidiwa, kwa mfano wawe wageni katika mazungumzo ya lugha ya alama.

Kipindi kisizidi dakika 90 bila mapumziko ya kweli, na vijana waarifiwe dakika tano kabla ya kuhama kutoka zoezi moja kwenda jingine. Usianze na jambo muhimu kuliko yote, maana wanaotegemea usafiri maalumu ndio wanaochelewa, na kuchelewa huko mara chache huwa kosa lao.

Siku ya onyesho na baada yake

Onyesho la utulivu ni rahisi kuliandaa: taa za upande wa watazamaji zipunguzwe tu bila kuzimwa, milango ibaki wazi, sauti za ghafla zitangazwe mwanzoni, na mtazamaji awe huru kutoka, kurudi au kupaza sauti. Watazamaji wasioona waalikwe nusu saa mapema waguse mavazi na vifaa vya jukwaani. Nafasi za viti vya magurudumu ziwe katika safu mbalimbali, si zote nyuma, ili mtu akae na rafiki zake.

Katika tathmini, fomu ya maswali haitoshi. Mimi huweka daftari ambalo baada ya kila kipindi ninaandika ni nani aliyeongoza zoezi, ni nani ambaye wazo lake lilitumika, na ni nani ambaye sikumsikia siku nzima. Baada ya vipindi vitatu upendeleo wangu huonekana wazi kwenye karatasi, hata pale ambapo ningeapa kwamba sina. Na walioacha kuja wapigiwe simu, kwani wao ndio wanaojua warsha ilipowashinda. Kijana mmoja aliyetoweka baada ya wiki mbili, ambaye nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba dansi imemchosha, aliniambia kwa kusitasita kwamba mlango wa choo kile kipana, ambacho nilikipima kwa futi yangu mwenyewe, ulikuwa hauna komeo. Fundi alilitia siku hiyohiyo, na Jumamosi iliyofuata kijana alirudi.